AFRA, Bunge na Mchanga Mweusi wa Maniema

Kuna mkataba mmoja ambao Kongo huulizwa upya, kila baada ya miaka mitano, kama bado inautaka. Jina lake kamili ni refu kama sherehe ya serikali, lakini kifupi chake ni AFRA: makubaliano ya nchi za Afrika kushirikiana katika utafiti, maendeleo na mafunzo ya sayansi ya nyuklia kwa ajili ya amani, chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, IAEA, lenye makao yake Vienna. Ulianza kutumika tarehe 4 Aprili 1990, na tangu hapo muda wake huongezwa mitano kwa mitano. Nchi zaidi ya arobaini zimo ndani, Kongo ikiwemo, pamoja na jirani zetu Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Zambia. Ukisimama sokoni Kasongo, mji wa kusini mwa mkoa wetu wa Maniema, ukataja AFRA, wengi watadhani ni timu ya mpira.

Hilo si kosa la watu wa Kasongo. Kwa utaratibu wa Vienna, nchi mwanachama huongeza muda kwa kumwandikia Mkurugenzi Mkuu wa IAEA kwamba inakubali. Barua inatosha. Vienna haiulizi barua hiyo ilipita bungeni au ilitoka ofisi moja ikaingia nyingine. Swali hilo ni letu wenyewe, na Katiba yetu ya mwaka 2006 imelijibu vizuri kuliko tunavyolitendea. Ibara ya 213 inamruhusu Rais kuridhia mikataba, na serikali kufunga makubaliano madogo yasiyohitaji kuridhiwa, mradi iyaarifu mabaraza mawili ya Bunge. Ibara ya 214 inaweka mpaka: mkataba unaohusu mashirika ya kimataifa, unaogusa fedha za taifa, au unaobadili sheria zilizopo hauridhiwi ila kwa sheria. Ibara ya 215 inaongeza kwamba mkataba uliofungwa ipasavyo, ukishatangazwa, unakuwa juu ya sheria za nchi.

AFRA inagusa fedha. Ina mfuko ambao wanachama huchangia. Tena, kila nchi inayopata mradi wa kitaifa wa msaada wa kiufundi kutoka IAEA hudaiwa asilimia 5 ya thamani ya mradi, na angalau nusu ya hiyo hulipwa kabla kazi haijaanza. Ni pesa kidogo ukilinganisha na faida, lakini ni pesa ya umma, na isipolipwa kwa wakati mradi unakaa kabatini. Kwa maoni yangu hapo pekee panatosha kuupeleka mkataba huu kwa wabunge na maseneta. Na usipelekwe kwa mlango wa nyuma. Kwetu kuna mazoea ya kungoja Bunge liende likizo, kisha serikali, ikiwa na ruhusa ya ibara ya 129, kuridhia mikataba kwa amri yenye nguvu ya sheria. Baadaye Bunge hurudi na kuibariki kwa mkupuo. Njia hiyo ni halali. Ila mkataba uliopita hivyo hakuna mbunge aliyeusoma, na mbunge asiyeusoma hawezi kurudi Kabambare, huku kwetu Maniema, kuwaeleza watu wake wamepewa nini.

Nasema hivi kwa sababu historia ya atomu katika nchi hii ni historia ya saini zilizowekwa bila sisi. Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, iligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe hayo mpaka ghala la Staten Island, New York, na mwaka 1942 akawauzia Wamarekani waliokuwa wakitengeneza bomu kwa siri. Tarehe 26 Septemba 1944 Ubelgiji, Marekani na Uingereza zilifunga makubaliano ya siri kuhusu urani ya Kongo. Huo ndio mkataba wetu wa kwanza wa nyuklia, na hakuna Mkongomani hata mmoja aliyeuona, sembuse kuujadili. Mwaka mmoja haukutimia Hiroshima ikateketea.

Ubelgiji ilivuna kutoka makubaliano yale haki ya kushiriki katika elimu ya atomu, na baadhi ya mavuno yalianguka Kinshasa, wakati huo Léopoldville. Mkuu wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Padre Luc Gillon, mwenyewe mwanafizikia wa nyuklia, alifanikisha kuletwa kwa kinu kidogo cha utafiti. TRICO I kiliwashwa Juni 1959, cha kwanza katika Afrika nzima, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1967 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikipa kituo kile hadhi ya kuhudumia kanda, na jina lake likawa Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Nyuklia cha Kinshasa, CREN-K. Mwaka 1972 kikaja TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja. Kwa hiyo ushirikiano wa kikanda haukuanzia Vienna mwaka 1990. Kwa muda fulani sisi ndio tuliokuwa wenyeji na wengine ndio waliobisha hodi.

Kilichofuata kinajulikana, na hakipendezi kukisimulia. Fimbo mbili za fueli ziliibwa. Moja polisi wa Italia waliikamata mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. TRICO II kilizimwa mwaka 2004. Mwaka huohuo Kongo iliridhia mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, ambao hauwezi kuanza kutumika mpaka nchi 44 zilizotajwa katika kiambatisho chake ziridhie zote. Sisi tumo katika orodha ile ya 44, pamoja na Marekani, Urusi na China, kwa sababu tu ya kile kinu cha Kinshasa. Tuliridhia mkataba wa wakubwa mwaka uleule kinu kilichotuingiza mezani kilipopoa. Na mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, ukasubiri miaka kumi na mitatu mpaka Burundi, isiyo na kinu wala mgodi wa urani, ilipokuwa nchi ya 28 kuridhia, tarehe 15 Julai 2009. Jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ndiye aliyefungua mlango.

Basi AFRA inatoa nini? Si vinu, wala umeme. Anayewaambia vijana wa Kasongo kwamba mkataba huu utaleta taa anawadanganya. AFRA ni njia ya kugawana walimu, maabara na vifaa. Kuna vituo vilivyoteuliwa katika nchi mbalimbali ambavyo wengine hupeleka watu wao kusoma: shahada ya uzamili ya sayansi ya nyuklia hufundishwa Ghana na Misri, na fundi wa mionzi anaweza kutoka Lubumbashi akajifunza kwa Mwafrika mwenzake badala ya kungoja nafasi Ulaya. Kuna miradi ya pamoja ya afya, kilimo, maji ya ardhini, viwanda na usalama wa mionzi. Kila nchi ina mratibu mmoja wa kitaifa, na kwa kiasi kikubwa mratibu huyo ndiye anayeamua nani apate fomu ya mafunzo na nani asisikie hata kwamba fomu ilikuwepo. Kwetu mlango ni Kamisheni Kuu ya Nguvu za Atomu, CGEA, nayo iko Kinshasa.

Sasa tushuke Maniema, maana hapa ndipo wengi hudhani hatuhusiki.

Maniema ni mkoa wa bati, koltani na dhahabu. Kusini kwetu dhahabu ndiyo inayotajwa zaidi, kwa sababu ya Namoya na Salamabila katika teritwari ya Kabambare, lakini mkoa mzima umezoea ule mchanga mweusi mzito unaobaki chini ya beseni baada ya kuosha. Mchimbaji huuosha mtoni, huuanika juu ya turubai, huukusanya kwa mikono, huutia katika mfuko mdogo, na mara nyingi mfuko huo hulala ndani ya nyumba, karibu na kitanda, kwa hofu ya wezi. Koltani huwa na chembe za urani na thoriamu ndani yake. Si Shinkolobwe, na sitaki kumtisha mtu: mfuko mmoja si bomu, wala kuushika siku moja hakumwangushi mtu. Jambo linalotia wasiwasi ni vumbi. Anayesaga na kupepeta kila siku kwa miaka, anayelala chumba kimoja kisicho na dirisha na magunia, huvuta chembe hizo pamoja na gesi ya radoni inayotokana nazo, na radoni inajulikana duniani kote kuwa chanzo cha saratani ya mapafu.

Cha ajabu ni kwamba mchanga huo hupimwa. Hupimwa unapotoka. Kanuni za kimataifa za usafirishaji zinasema madini ya asili yenye urani au thoriamu yakivuka kiwango cha becquerel 10 (kizio cha kupimia mionzi) kwa gramu yachukuliwe kama mzigo wenye mionzi, wenye alama yake na karatasi zake, na kampuni za meli hazitaki utani na karatasi hizo. Kwa hiyo gunia lina cheti. Meli imelindwa, bandari imelindwa, mfanyakazi wa kiwanda cha ng'ambo amelindwa. Aliyeliosha gunia lile kwa mikono mitupu hana kipimo wala cheti. Tuna Sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya kinga dhidi ya hatari za mionzi, na tuna kamati ya taifa, CNPRI, yenye kazi ya kuisimamia. Sheria hiyo haikusema kinga ni kwa meli tu.

Hapa AFRA ina maana kubwa kuliko pengine popote. Kupima mionzi ya mchanga hakuhitaji kinu. Kunahitaji kipimo cha mkononi kinachobebeka katika mkoba, mtu aliyefunzwa kukisoma na kukihakikisha, na daftari. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo AFRA inayoyajua vizuri. Mabingwa wa kanda wapo: Tanzania ina Tume yake ya Nguvu za Atomu pale Arusha, yenye maabara na wataalamu wanaozungumza na mchimbaji kwa Kiswahili. Mtu wa Kasongo akipelekwa Arusha hatahitaji mkalimani, na hilo katika nchi yetu, ambako elimu ya mionzi husomwa kwa Kifaransa na vikao vya Vienna huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, si jambo dogo.

Hata katika hospitali, mahali ambapo mionzi inakubalika kwa jina lake, hali inafanana. Mpiga picha za eksirei anapaswa kuvaa kifuani kipimo kidogo, kama beji, kinachohesabu mionzi aliyoipata. Kipimo hicho hakina faida mpaka kisomwe katika maabara kwa vipindi vinavyojulikana. Sasa fikiria kibeji kinachotakiwa kutoka kusini mwa Maniema mpaka Kinshasa: hakuna barabara ya kukifikisha, ndege ni kupitia Kindu, na bei ya safari moja inanunua vibeji vingi. Mfumo uliopangwa kwa kipimo cha mji mkuu hauwezi kumlinda mfanyakazi wa Kasongo. Kituo cha kusomea vipimo hivyo kikiwekwa Bukavu au Lubumbashi, kazi ingewezekana. Wabunge wetu wanaweza kulidai hilo bila kuwa wanafizikia.

Jambo la pili, baada ya kupima mionzi, ni saratani. Februari 2022, kando ya mkutano wa wakuu wa Afrika, IAEA ilizindua mpango unaoitwa Miale ya Matumaini wa kusaidia nchi zisizo na tiba ya mionzi ya kutosha, na Kongo ilikuwa katika kundi la kwanza. Ni habari njema. Lakini mama wa Kasongo mwenye saratani ya shingo ya kizazi leo hafikirii Kinshasa. Anafikiria mashariki: Bukavu kwanza, kisha Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza tiba ya mionzi mwaka 2019, au Kampala, au, kwa mwenye ndugu ng'ambo ya ziwa, Ocean Road ya Dar es Salaam. Ramani ya ugonjwa wetu haifuati ramani ya utawala wetu. Kama mkataba wa kanda una maana yoyote, basi uanze kwa kukubali kwamba mgonjwa wa Maniema ni mgonjwa wa kanda, apokelewe kwa barua inayotambulika na bei inayojulikana badala ya kujitangaza mgeni mpakani.

Na tusidhani mashine ni mwisho wa habari. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, ilikufa. Nchi ya mamilioni ya watu ikabaki bila hata moja. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu bure wagonjwa 400, wengine wakangoja, na wengi hawakuwa na muda wa kungoja. Mashine mpya ilikuwa imekwisha kutafutwa kwa msaada wa IAEA. Kilichokosekana kilikuwa chumba chake, kile chenye kuta nene za zege zinazozuia mionzi. Huduma ilirudi Januari 2018. Karibu miaka miwili kwa ajili ya zege na saini! Vienna inaweza kukupa chombo, lakini kuta utazijenga mwenyewe.

Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, nayo hutajwa kila mara watetezi wa nyuklia wanapofika mikoa yetu, na hapa nitawapinga. Mfano wao ni Unguja. Kati ya 1994 na 1997 madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8, yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, yalimwagwa kutoka angani juu ya kisiwa. Majike yakapandwa bila kuzaa, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Ni kazi kubwa, tena ya Waafrika wa Mashariki wakishirikiana na IAEA, na wafugaji wa Unguja wanaijua faida yake. Lakini Unguja ni kisiwa. Ukishawamaliza mbung'o, bahari inawazuia wengine. Kusini mwa Maniema kuna misitu inayofuata mito, kila mto unaingia mwingine mpaka Lualaba, na ukisafisha bonde moja leo mbung'o wa bonde la pili watahamia kesho. Zaidi ya hayo, Kongo imekwisha kupiga hatua kwa njia nyingine: mwaka 1998 waligunduliwa wagonjwa wa malale zaidi ya 26,000 nchini, siku hizi kwa mwaka ni chini ya 1,000. Waliofanya kazi hiyo ni timu za kutembea vijiji kwa vijiji na darubini zao, na sasa kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyoidhinishwa hapa mwaka 2018. Atakayetaka fedha za kuruka na mbung'o juu ya Kasongo aambiwe kwa heshima azipeleke kwa timu hizo.

Mpunga una hoja bora kidogo. Waungwana, wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani, waliuleta huku katika zama za Tippu Tip, na mpaka leo Kasongo hula na kuuza wali. Mbegu zikipigwa mionzi katika maabara hupata mabadiliko, na mtafiti huchagua yale yanayofaa: Kenya ilipata hivyo ngano ya Eldo Ngano 1, iliyotolewa mwaka 2014 kustahimili kutu ya shina, na Zanzibar ina mpunga wake wa SUPA BC. Inawezekana nasi. Ila kazi hiyo hudai misimu mingi ya kupanda na kuchagua, mara nyingi kupita muda wa mkataba mmoja, na mpunga wa Kasongo kwa sasa haushindwi na mbegu. Unashindwa na barabara. Sitaweka hilo mbele.

Kuna wanaoniambia kwamba sayansi ya vipimo si ya miji kama yetu. Wamesahau kwamba Kasongo iliwahi kuwa jina la kitabuni. Katika miaka ya 1970 mradi wa afya wa hapa, ulioshirikisha Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulifuatilia watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet. Yalizua ubishi mkubwa: je, chanjo huokoa maisha, au huahirisha tu kifo cha mtoto dhaifu? Tafiti za nchi nyingine baadaye ziliipa chanjo haki yake. Lakini ubishi ule ulianzia kwenye madaftari yaliyojazwa na wauguzi wa Kasongo, nyumba kwa nyumba. Watu walioweza kuhesabu watoto wa surua kwa usahihi wa kubishaniwa na dunia wanaweza kuandika kiwango cha mionzi katika mashimo ya kuchimbia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba Kongo iendelee kuwa ndani ya AFRA, na nyongeza ya muda ipite kama sheria, katika kikao cha kawaida, Machi hadi Juni au Septemba hadi Desemba, wabunge wakiwa vitini. Sheria hiyo isibaki na kifungu kimoja cha kusema “inaruhusiwa kuridhia”. Iseme mratibu wa kitaifa atoe ripoti kwa mabaraza yote mawili kila mwaka: nani alikwenda mafunzoni, kutoka mkoa gani, kifaa gani kilifika na kiko wapi. Iseme mchango wa taifa unaingia katika bajeti kwa mstari wake wenyewe. Na iamuru CNPRI ianze kupima mionzi mahali mchanga unapooshwa na kuhifadhiwa, si mpakani tu.

Kuna watakaosema nchi yenye vita mashariki haina nafasi ya mambo ya becquerel. Nawaelewa, Kabambare imeona bunduki za kutosha kuzunguka dhahabu yake. Lakini koltani haingoji amani ili ichimbwe, na mapafu hayangoji pia.

Kwa mzunguko wa miaka mitano, kipindi kilichoanza Aprili 2025 kinakwisha Aprili 2030. Waheshimiwa wabunge wa Kasongo na Kabambare, muda wa kuusoma mkataba huu mnao. Andikeni swali lenu kwa serikali katika kikao kijacho, mlitaje gunia la mchanga mweusi kwa jina lake, na jibu mtakalopewa mlilete huku mlisome hadharani.